Mkono Uliosema Tupu

Vijana, katibu wenu alikuja hapa kwangu kuniomba niwaandikie kitu kuhusu kuwa bora kazini na kuendelea kujifunza. Nikamuuliza, si mngeniita tu nije niongee? Akanijibu, "Mzee, tulikuita mara mbili, ukasema una wageni." Ni kweli, nilisema. Wageni wenyewe walikuwa kuku. Mimi kutoka nyumbani ni kazi ngumu, na haikuanza uzeeni. Hata wakati mshahara wangu ulitaka nishinde barabarani kila siku, nilishinda huko nikikifikiria kiti changu.

Basi nimekaa kwenye hicho kiti na ninawaandikia. Lakini niwaambie mapema, kama mlitaka hadithi ya mtu aliyejitahidi akafanikiwa, hamkubisha mlango unaofaa.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, miaka ya themanini na sehemu ya tisini, kwanza upande wa Kitale, halafu Bungoma. Watoto wa Endebess waliniita Bwana Dume. Mke wangu hakulipenda jina hilo. Alisema linawapa watu matumaini ya uongo.

Siku hizo mkulima hakuwa na simu ya kukuita uje na pikipiki kama nyinyi wapandishaji wa leo mnavyoitwa. Gari letu lilikuwa na njia yake. Kila asubuhi lilipita barabara ileile, na kando ya barabara kulikuwa na krashi, yaani vile vibanda vya miti vya kumbana ng'ombe asirushe mateke. Mwenye ng'ombe aliyeshika joto la kutaka dume alimleta krashi akangoja. Tunafika, tunashuka, mkono unaingia, mrija wa mbegu unaingia, tunapanda gari. Ukichelewa ukakuta vumbi letu, hayo yalikuwa mambo yako na ng'ombe wako.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mtu mfupi wa Bungoma aliyevaa kofia ya sufu hata jua la Januari likiwaka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na sifa kutoka Kitale mpaka mlimani. Aliuingiza ndani ya ng'ombe, akatazama juu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akamwambia mwenye ng'ombe, "Huyu alipandishwa wiki ile mlipopanda mahindi." Mwenye ng'ombe anahesabu, anapata ni kweli. Sisi vijana tulimwita Profesa, na hatukuwa tunamtania.

Siku yangu ya kwanza aliniambia nitumbukize mkono mpaka kwenye kiwiko, nami nikafanya hivyo.

"Umeshika nini?"

"Nimeshika shingo ya mfuko wa uzazi, Mzee."

"Umeshika mavi. Endelea."

Nilishika mavi miezi mingi. Sikieni, hii haimo kwenye karatasi zenu: ile shingo ya mfuko unaisikia kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa, ngumu kidogo, yenye vifundo. Unaishika ukiwa nje yake, kupitia ukuta wa utumbo, halafu unaileta kwenye mrija. Husukumi mrija uende kuitafuta. Anayesukuma mrija anachoma ng'ombe wa watu. Mimi nilisukuma, na wale ng'ombe walirudi krashi kila baada ya wiki tatu kama wanafunzi waliosahau vitabu nyumbani.

"Kijana wangu," Mzee akaniambia siku moja mbele ya wakulima, "wewe unanyunyizia utumbo. Utumbo hauzai."

Wakulima walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mimi mtu wa kidato cha nne, mwenye vyeti vyangu, nilikunja uso siku nzima. Lakini ile aibu ndiyo iliyonipeleka machinjioni Kitale.

Pale kulikuwa na mchinjaji, Bwana Juma, mtu wa mzaha mwingi na visu vikali. Nikamwomba mfuko wa uzazi wa ng'ombe aliyechinjwa.

"Wa kula ama wa dawa?" akauliza.

"Wa kusoma."

"Wa kusoma!" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu bwana anasoma nyama. Mfungieni pia ulimi, aende ausome kwa sauti."

Tangu siku hiyo aliniita Mwanafunzi, na karibu kila Jumamosi alinifungia kifurushi kwenye gazeti. Nilikiweka mezani jikoni, nikakifunika kwa kitambaa, nikafumba macho, nikapapasa. Huu ndio upande wa kulia, huu wa kushoto, hapa mfuko unagawanyika. Mara moja moja ulikuja mfuko wa ng'ombe aliyekuwa na mimba changa. Ukiuminya taratibu unasikia kama mpira mwembamba uliotiwa maji, na ndani yake kuna utando unaoteleza kati ya vidole, wepesi kama soksi ya nailoni. Nilijifunza kuutafuta huo utando mpaka nikawa nauota.

Mke wangu alivumilia kwa muda. Halafu akasema, "Baba Wekesa, kuna wanaume wanaoleta nyama nyumbani. Wewe hicho unacholeta kinaitwaje?" Nikajengewa meza yangu nyuma ya jiko, karibu na migomba. Nilifurahi. Nilikuwa nimepata chuo cha kusomea bila kutoka nyumbani.

Na nikawa mzuri. Sijisifu, ama najisifu kidogo tu. Ng'ombe wangu waliacha kurudi. Isipokuwa mmoja.

Huyo aliitwa Tulia. Alikuwa wa mjane mmoja wa karibu na Endebess, Mama Chebet. Ng'ombe mweusi mwenye madoa meupe, sikio la kulia limechanika, alilichana kwenye seng'enge alipokuwa ndama. Maziwa yake ndiyo yaliyompeleka yule msichana, Chebet, shule ya sekondari, maana shamba lilikuwa dogo na mume alikuwa kaburini. Sasa Tulia alikuwa anakauka, na hashiki mimba. Mzee Barasa alimpandisha, hakushika. Nikampandisha mimi kwa mkono wangu mpya uliofuzu nyuma ya jiko, hakushika. Nikarudia tena, wapi!

Mama Chebet hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kuuliza. "Daktari," aliniambia pale krashi, akitazama baridi iliyofuka kwenye chupa ya kuhifadhia mbegu, "hiyo chupa yako ina mbegu ama ina moshi tu?"

"Ina mbegu, mama."

"Basi mmoja wenu ni tasa, na Tulia ameshazaa mara tatu."

Shemeji yake alikuwa anamsukuma auze. Ng'ombe asiyezaa anakula bure, alimwambia, muuze machinjioni ukiwa bado unaweza kupata kitu. Mama Chebet akanipa muda mpaka msimu wa mvua unaofuata. Baada ya hapo, alisema, Tulia ataenda na Chebet atarudi kulima.

Nilikuwa sijui kosa liko wapi. Mkono ulikuwa sawa, mbegu zilikuwa sawa, maji ya kuyeyushia mrija yalikuwa na joto la kufaa. Ndipo ikatangazwa kwamba kuna mafunzo ya wiki moja kwenye chuo cha wakulima cha Mabanga, kwa anayetaka. Wiki nzima kulala kwa watu! Nilibeba mto wangu kutoka nyumbani. Chekeni tu, lakini nilienda. Mzee Barasa nilimwomba twende pamoja, akakataa.

"Nimeanza kazi hii huyo mwalimu wao akiwa ananyonya," alisema. "Aje yeye anisikilize."

Mwalimu alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole. Siku ya pili alisema jambo ambalo kila mmoja wenu leo analijua: ng'ombe aliyeanza joto asubuhi mpandishe jioni, aliyeanza jioni mpandishe kesho yake asubuhi. Ukiwahi sana, mbegu inafika kabla ya yai, inangoja, inakufa.

Nikaacha kuandika. Tulia alianza joto alfajiri, kila mara. Mama Chebet, kwa bidii yake, alikuwa wa kwanza krashi, ng'ombe amekogeshwa na kamba safi. Na gari letu lilipita mapema, njia nzima ya Endebess, kila siku ya Mungu. Wakulima wazembe walioona joto jioni wakaleta ng'ombe asubuhi yake walikuwa wanapata ndama. Mama Chebet alikuwa anaadhibiwa kwa kuamka mapema.

Nilirudi Kitale nikiwa na hiyo habari kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikamwambia bosi wetu kwamba tunahitaji gari lipite na jioni. Akanitazama kwa huruma. "Bwana, gari lina njia yake na saa zake. Ng'ombe wajipange."

Niliporudi ofisini kwetu kumweleza Mzee Barasa, alivua kofia, akaivaa tena. "Na hao wote niliowapandisha asubuhi wakazaa, walizaa kwa bahati?"

"Wengine walikuwa wameanza joto jana yake, Mzee."

"Mabanga wamekupa maneno," alisema, na akaondoka.

Basi Tulia aliposhika joto tena, Mama Chebet alituambia asubuhi gari lilipofika krashi. Sikumpandisha, nikamwambia mama angoje jioni. Jioni nikachukua chupa ndogo ya ofisini, nikaazima pikipiki ya katekista jirani yangu, nikaenda Endebess. Mimi, ambaye jua likianza kuteremka huwa nimeshavua viatu! Nilimpandisha Tulia kwenye zizi lake mwenyewe, ametulia kama jina lake. Nilipotoa mkono nilijua. Hamtaniamini, lakini kuna siku mkono unajua.

"Mama," nikamwambia, "usimuuze. Asiporudi joto, huenda ameshika mimba, nitakuja kumpima mwenyewe."

"Utakuja kweli ama utasema una wageni?" akaniuliza. Hata huko nilikuwa nimeshajulikana.

Sikuenda. Sikupewa nafasi. Habari ya chupa kutolewa ofisini nje ya saa za kazi ilimfikia bosi, nami nikahamishwa Bungoma, njia ya Kibabii, mara moja. Mtu wa nyumbani kama mimi, nikapewa chumba chenye kitanda cha chuma, nikawa mgeni wa wikendi kwangu mwenyewe. Na kule Bungoma, niwaambie tu kwa kupita, kazi yenyewe ilikuwa inaanza kufa. Gari likiharibika linakaa. Gesi ya kugandisha mbegu inachelewa, mbegu zinaharibika chupani, na wewe unasimama krashi kumweleza mkulima. Baadaye miaka ya tisini tukaambiwa huduma haipo tena, kila mtu ajitafutie. Nilikuwa nimeifahamu kazi barabara. Wakati huohuo wakulima walikuwa wanarudi kwa dume la jirani, ambalo halihitaji gari wala gesi wala mafunzo.

Lakini hilo ni baadaye. Kabla ya kuondoka Kitale nilimwachia Mzee Barasa neno moja tu. Nilimwomba, ile njia ikirudishwa kwake, ampime Tulia. Ningemwomba nani mwingine? Kama kungekuwa na mkono mmoja nchini wa kuniambia kama nilishinda ama nilishindwa, ni huo.

Akasema, "Nitakupimia mke wako huyo, usijali."

Ikawa Jumamosi, miezi michache baadaye, niko Kitale kwa mapumziko. Nilipita machinjioni kusalimia. Juma akanipigia kelele kutoka mbali.

"Mwanafunzi! Umehama shule bila kuaga? Nimekuwekea somo, bado lina joto."

Akanipa kifurushi kwenye gazeti. Kilikuwa kizito kuliko kawaida. Nilikishika tu, hata sijakifungua, vidole vikaniambia kilichokuwa ndani.

"Ng'ombe wa wapi huyu?"

"Wa Endebess, ameletwa na bwana mmoja akisema ni wa shemeji yake. Mweusi mweusi hivi, sikio limechanika."

Sikufungua pale. Nilienda mpaka nyuma ya jiko, kwenye meza yangu, nikapasua taratibu. Ndama alikuwa mkubwa kama mtoto wa paka aliyezaliwa leo. Kwato zilikuwa zimeshaanza, laini, ukizigusa zinabonyea. Mke wangu alitoka na karai, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Alirudi ndani.

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Nilimrudisha ndama ndani ya mfuko, nikafunga mahali nilipopasua, nikaufunika kwa kitambaa na kuupeleka kwa Mzee Barasa. Hakuwa akikaa mbali. Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani, anapukuchua kwa mkono wa kulia peke yake, nami sikulitilia maanani wakati ule.

"Mzee, nina somo limenishinda," nikasema. "Nisaidie kulipima."

Akacheka, akafurahi hata. "Mabanga hawakufundisha?" Akaingiza mkono wa kushoto chini ya kitambaa. Akatazama juu, vilevile, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Akaminya. Akapapasa huku na huku. Nilimngoja. Nilimwomba kimoyomoyo.

"Tupu," akasema.

Nikaondoa kitambaa. Nikafungua.

Hakuuliza ni wa nani, maana alishajua. Aliugeuza mkono wake, akautazama kiganja kama kitu alichouziwa na mtu mwongo.

"Tangu lini, Mzee?"

"Miaka miwili. Labda mitatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hivi vidole vinasikia kama vimevaa glavu za sufu. Ng'ombe wameukamua huu mkono, kijana wangu. Kila mmoja anausonga kidogo, unarudi ndani kesho."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" Sasa akanikazia macho. "Nyinyi si mlikuwa mnaniita Profesa? Profesa anasema sijui?"

Kisha akasema, "Yule mama aliniambia. Aliniambia, 'Lakini mzee, hajarudi joto.' Nikamwambia kuna ng'ombe wanaokauka kimya, wakaacha joto bila mimba. Akaniamini."

Hapo ndipo nilipo na uchungu, vijana, na sijui kama katibu wenu ataichapisha sehemu hii. Mimi nilikuwa nimesoma nyama miaka yote, nimelala Mabanga na mto wangu, nimeazima pikipiki ya kanisa, nimehamishwa. Vyote hivyo viliishia kwenye mdomo wa mtu mmoja niliyempenda ambaye hakuweza kusema neno dogo kuliko yote. Mnaniuliza kuwa bora ni nini. Mimi nilimwona aliyekuwa bora kuliko sisi sote, na ule ubora ndio uliomziba mdomo. Jitahidini, someni, lakini siku vidole vyenu vitakapovaa glavu, mtafuteni mtu mumwambie. Na nyinyi mnaowasifu wakubwa wenu, waachieni nafasi ya kutojua.

Mzee Barasa alisema lazima twende kwa Mama Chebet. Mimi nilitaka kurudi kwenye kiti changu, nakiri. Yeye ndiye aliyenivuta. Jumatatu hiyo sikurudi Bungoma, tukaenda Endebess wote wawili, yeye na kofia yake, mimi nyuma yake.

Mama Chebet alikuwa anapalilia. Alitukaribisha, tukaketi kwenye viti vya miguu mitatu, mbele ya zizi ambalo sasa lilikuwa na kuni. Mzee akamweleza yeye mwenyewe, bila kunitaja, bila kuzunguka. Alisema, "Mama, nilikwambia tupu. Alikuwa na mimba. Mkono wangu haukusikia na mimi sikusema kwamba hausikii."

Alituangalia mmoja mmoja, mimi, yeye, mimi tena.

"Huyu alikuja peke yake jioni, akasema nisimuuze," alisema. "Wewe ukaja peke yako asubuhi, ukasema niuze. Mkiwa mmoja mmoja mnajua sana. Leo mmekuja wawili ndio hamjui?"

Mzee alivua kofia. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kichwa wazi kwa muda mrefu. Kilikuwa cheupe chote.

"Ketini, msimame kwa nini," Mama Chebet akasema, maana tulikuwa tumeanza kuinuka. "Hata mtu akikuchinjia ng'ombe, hatoki kwako bila chai." Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Chebet! Waletee wageni chai."

Ilikuwa katikati ya muhula. Yule msichana alitoka jikoni na vikombe viwili kwenye sinia, sare ya shule ameivaa kama nguo ya kazi, imekatwa mikono. Akapiga goti kidogo, akatupa vikombe.

"Ni turungi," akasema. "Maziwa hakuna."

Mzee Barasa alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, kwa mazoea. Kilikuwa cha moto sana, mimi nilikiweka chini mara moja. Yeye alikishika vilevile, amekizungushia vidole vyote, mpaka chai ikapoa.